Mtani Alisema Gari Limekunywa Maji

Wajukuu zangu, kabla hamjaniambia gari lina rangi gani, niambieni lina harufu gani. Naanzia hapo kwa sababu kila siku mnanijia na simu, bibi tazama hili, bibi ona lile, linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi. Sawa, nimeona. Lakini picha hainuki, na hilo ndilo tatizo la picha.

Mimi nimeshona viti vya magari hapa Kanyenye, Tabora, tangu ujana wangu mpaka vidole vilipokataa kushika sindano. Shule niliiacha mapema, kusoma nasoma kwa kudonoadonoa. Ila magari nimeyaingia. Nimepiga magoti kwenye kapeti zake, nimelala chali chini ya viti vyake natafuta mahali pa kufungia kamba. Nyinyi mnaliangalia gari usoni, mimi nililiangalia tumboni.

Basi shikeni hili. Ukifungua mlango wa gari la mtumba, lile la kifahari lililowahi kuwa la bosi, pafyumu ikakupokea kama unaingia chumba cha bi harusi, jiulize imewekwa kufunika nini. Mwambie muuzaji azime hewa baridi. Funga vioo, kaa ndani, piga naye stori, acha jua lilichome. Likianza kunuka kama khanga iliyokunjwa kabla haijakauka, shuka, muage vizuri, nenda zako.

Aliyenifundisha hayo ni Fundi Pazi, Mungu amrehemu. Alikuwa fundi wa injini, gereji yake iko uani, na mimi cherehani yangu ipo barazani kwake mbele. Wakati huo nilikuwa nashona sare za shule. Siku moja akaniletea kiti cha Landrova kimechanika mpaka nyasi zinatoka, akaniambia, "Wewe Mnyamwezi, mgongo wa kubeba unao, mikono ya kushona unayo? Nishonee hiki." Nikamshonea kwa sindano ya godoro, ile iliyopinda. Kikakaa vizuri. Sare za shule ndiyo ikawa mwisho.

Pazi alikuwa Mzaramo, na sisi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakipita kwao na mizigo kichwani kwenda pwani. Utani mnaujua. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anaingia jikoni kwako anabeba kuku na humdai. Na siku ukifa, anakuja kulizuia jeneza lako mlangoni, anadai chake, watu wanacheka katikati ya msiba, mpaka apewe chochote ndipo anapisha. Hapo barazani tulitukanana kila siku iendayo kwa Mungu. Asubuhi akinikuta nimeinama, "Nyamizi, shona haraka, msafara unaondoka." Namjibu, "Wewe mwambie mnyapara anisubiri, kwanza amka uoge, Mzaramo. Ngoma ya jana imeisha."

Magari yalibadilika mikononi mwetu. Zamani kiti ni chuma, nyasi na reksini, ile ngozi ya plastiki, basi. Yakaja ya sponji, yakaja ya ngozi, yakaja yenye moto chini ya makalio, sijui hapa Tabora na joto letu hili ni wa kumchoma nani. Gari la kwanza la namna hiyo nililoshonea kava, nilijivunia. Nikabana kila upande kwa uzi mnene, pamekaza. Pazi akaja, akapapasa ubavu wa kiti, akanitazama.

"Nyamizi, humu ubavuni mna nini?"

"Sponji."

"Mna puto. Gari likigongwa puto linachomoka, linamkinga mtu. Wewe umelifungia kama kuku kwenye tenga. Fumua."

Nikafumua usiku na mchana, macho yananiuma. Na nyinyi mkikuta gari la gharama lina kava nene zimezunguka kiti chote, hazina mwanya ubavuni, ulizeni.

Na kiti cha dereva mkitazame pale kwenye ukingo wa kushukia. Mtu akishuka anasugua hapo hapo, kila siku. Zile kilomita za kwenye dashibodi wanazirudisha nyuma, nimewaona wanaozirudisha. Ukingo wa kiti haurudi nyuma. Ukikuta viti vyote vina ngozi yake ya zamani na cha dereva peke yake kimeshonwa upya, hapo pana safari nyingi zimefichwa.

Sasa niwaambie habari ya babu yenu Shija, mdogo wangu. Hii siisemi kwa kucheka, ingawa mtacheka.

Shija alikuwa mkulima kule kwetu Lusu, Nzega. Mpunga. Alikuwa na ng'ombe wa plau ambao kata nzima iliwajua, na wawili wa mbele aliwapa majina makubwa: Sajini na Waziri. Hawa alikuwa hawachapi, anawaita tu. Analima mashamba yake, halafu anakodiwa kulima ya wenzake. Wanawe wamesoma kwa shingo za ng'ombe hao. Akipita njiani mtu mzima anasimama kumsalimia.

Akaja mjini kwenye harusi. Akaliona gari la maharusi, jeusi, refu, limefungwa riboni. Akauliza linakodiwa vipi, akaambiwa. Kuanzia hapo halali.

"Dada," ananiambia, "mvua inakosa mwaka mwingine, lakini harusi hazikosi."

Nikamwambia, "Harusi hazikosi, sawa. Na wewe gari unalijua?"

"Gari si nina Pazi? Nina dada fundi viti, nina mtani fundi injini, ninaogopa nini?"

Kweli, alikuwa na sisi wote wawili. Hapo ndipo panaponiuma.

Kosa lake la kwanza, sikilizeni, aliuza ng'ombe kabla hajaliona gari. Aliwauza wote kwa jirani yake, na Sajini na Waziri wakiwemo. Mtu mwenye hela mfukoni na zizi tupu nyumbani haangalii gari, analitamani. Macho yake yanatafuta sababu ya kulipa. Ukitaka kununua, nenda kwanza kaangalie bila hela, rudi nyumbani, kula, lala. Asubuhi ukiamka bado unalitaka, nenda tena na fundi.

Siku aliyokuja nalo pale gerejini sitaisahau. Yeye yuko kiti cha abiria, dalali anaendesha, kijana ana miwani na maneno matamu. Gari lilitoka Dar. Kilikuwa kitu kizuri, siwadanganyi. Jeupe kama maziwa, linashuka lenyewe likisimama na linapanda lenyewe likiwaka, kama ngamia. Mafundi wote wakaacha spana. Wauza vitumbua wakasogea. Shija akashuka taratibu, kama vile kuna anayempiga picha.

"Mtani," akamwambia Pazi, "njoo uone gari. Kwenu huko mlizoea kuona vumbi lake tu."

Pazi akafuta mikono. Akalizunguka. Akaweka kiganja juu ya boneti, nikamwona anakunja uso: lilikuwa la moto, na sharti injini uikute ya baridi ndipo uijue inavyowaka. Akafungua mlango wa nyuma, akaingiza pua. Akaushika mkanda wa kiti akauvuta, akauvuta, akauvuta mpaka mwisho kabisa, ile sehemu ambayo watu hawaifikii. Akautazama. Halafu akaachia ukarudi, akatoka, na uso wake ukawa wa utani.

"Mtani, gari hili limekunywa maji kuliko babu yako alipofika mto Ruvu amebeba meno ya tembo."

Watu wakacheka. Dalali naye akacheka, lakini upande mmoja.

"Una wivu wewe," Shija akajibu. "Mzaramo gari unalijua siku ya kupelekwa mwali."

"Ungenunua samaki basi. Huyu mnyama ameogelea. Samaki ungemla, huyu ndiye atakayekula wewe."

"Atanila mimi Mnyamwezi? Ana meno?"

"Likifika Lusu utalibeba kichwani. Si ndiyo kazi yenu?"

Pale hata mimi nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Ilikuwa tamu, mnajua. Watu wawili wanaopendana wanatukanana mbele ya watu, gari jeupe limesimama katikati. Shija akampiga Pazi mgongoni, akapanda, wakaondoka kwenda kumalizana.

Pazi hakurudi kwenye kazi yake. Akakaa kwenye ndoo yangu ya vifungo.

"Atakuja," akaniambia.

"Nani?"

"Shija. Atakuja jioni peke yake. Mimi siwezi kumvunjia dalali biashara mbele ya watu, lakini mtani nina ruhusa ya kusema lolote, na nimesema. Sasa mwenye akili anarudi kwa mlango wa uani anauliza, mtani, utani tumeweka pembeni, niambie. Ndivyo tulivyo."

Na ndivyo tulivyo kweli. Mtani anakurushia neno, wewe unacheka, halafu unalibeba kwenda nalo nyumbani kulifungua. Pazi alichelewa kufunga gereji siku ile. Alifagia hata pasipo na uchafu. Shija hakuja. Alishalipa mchana ule ule.

Kesho yake gari likaletwa kwangu, nilishonee kava nyeupe zenye maua ya dhahabu, za harusi. Kava huwezi kushona bila kufungua kiti. Nikafungua. Bolti za kiti zina kutu nyekundu, gari la thamani ile. Nikainua kapeti, chini yake mna tope limekauka, laini, kama unga wa ulezi. Nyaya zimeota ukijani kwenye viungio. Nikauvuta mkanda kama alivyouvuta Pazi, na huko mwisho nikauona mstari wa maji machafu, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Gari lilikuwa limesimama kwenye mafuriko mpaka kwenye viti.

Nilimwita Shija akaja akasimama, nikamwonyesha.

"Mbona Pazi hakusema?"

"Alisema."

"Ule si ulikuwa utani?"

Nikamwambia rudisha. Dalali simu haipokelewi, na kadi ya gari ilikuwa na jina la mtu mwingine ambaye hakuna amjuaye. Ndiyo maana nawaambia, jina lililo kwenye kadi liwe na uso mbele yako. Siyo mjomba wake, siyo "bosi yuko safari". Uso.

Shija akasema litavumilia. Na likavumilia kiangazi kizima, maana gari lililozama likikauka linakuwa na adabu. Lilibeba maharusi, Shija akavaa tai, mimi nikajiambia labda Pazi alikosea. Mvua zilipoanza, yule jirani yake wa Lusu, aliyenunua ng'ombe, akamwoza binti yake. Akalikodi gari la Shija kumpeleka kanisani. Mimi nikapewa kiti cha mbele, mwenye kava zake. Shija anaendesha, bi harusi nyuma na shela lake na msimamizi wake.

Tumefika kwenye mbuga ya mpunga, kanisa tunaliona bati lake, taa zote za dashibodi zikawaka kwa pamoja, nyekundu na njano. Gari likakaa chini, pwaa, kama mtu aliyechoka. Injini ikazima. Vioo havishuki. Tukaanza kutoka jasho, poda ya bi harusi inachuruzika. Milango ikafunguka kwa kusukumwa kwa mguu. Bi harusi akapanda bodaboda, shela kalikunja mapajani, akaenda kuolewa. Gari likabaki njiani limezuia watu.

Baba wa bi harusi akatuma ng'ombe walivute.

Mnajua ni ng'ombe gani. Sajini na Waziri, wamefungwa minyororo mbele ya gari jeupe lenye riboni. Yule kijana mwenye kuwaswaga anawachapa, hawaendi. Anapiga kelele, hawaendi. Vijana pembeni wanapiga picha. Shija alikuwa amesimama na tai yake, viatu vimejaa matope. Akasogea. Akasema taratibu tu, "Sajini. Waziri. Twendeni." Ng'ombe wakatega masikio, wakainamisha shingo, wakavuta.

Walilivuta mpaka nyumbani kwake, wakasimama wenyewe kwenye zizi lao la zamani, wakasubiri kufunguliwa.

Gari halikuwaka tena. Mafundi walikuja na kompyuta ya kulipima, wakataja spea ambazo Tabora hazipo, na Dar zikipatikana thamani yake ni ya gari jingine. Hili nalo mlishike: gari la bosi ukilinunua kwa bei ya mtumba, spea zake bado zina bei ya bosi. Kabla hujalipa, ulizia kitu kimoja tu, ile mifuko ya upepo inayolipandisha, au taa moja ya mbele. Ukisikia bei ukakaa chini, hilo siyo gari lako. Na omba lilale usiku mmoja mahali palipo tambarare. Asubuhi ukilikuta limekaa upande mmoja, mifuko inavuja.

Kuku wakahamia ndani, wakatagia kwenye kava zangu za dhahabu. Shija akarudi kwenye jembe la mkono, umri umekwenda. Mashamba mengine akayaacha yakaota nyasi. Wanaume waliokuwa wanasimama kumsalimia, wakawa wanamwita kumpa kibarua.

Hayo yote angeweza kuyabeba. Kilichonisikitisha ni alichokifanya kwa Pazi. Alikuja gerejini siku moja, hakusalimia.

"Ulijua, ukanifanyia mchezo."

"Nilikwambia mbele ya watu wote, mtani."

"Usiniite mtani. Ng'ombe wangu wameondoka, wewe ulikuwa unachekesha wauza vitumbua."

"Nilikungoja jioni, Shija. Muulize dada yako."

"Ungekuja wewe."

Labda kweli Pazi angepaswa kwenda, najua alilifikiria hilo mpaka mwisho. Shija akaenda kwa wazee kushitaki. Wazee wakacheka, mtu anamshitakije mtani wake? Hiyo kesi haipo duniani. Akarudi na aibu juu ya hasara.

Toka hapo Pazi akaacha kumtania. Shija akija mjini, wakikutana barazani kwangu, Pazi anasimama, anasema, "Habari za asubuhi, Bwana Shija." Basi. Bwana Shija. Matusi yote waliyowahi kutukanana, hakuna lililouma kama hilo. Nilimwona Shija anavyoondoka, mabega yameshuka. Kuna siku alimwanza mwenyewe, "Mzaramo, ngoma iko wapi leo?" Pazi akatabasamu kwa adabu, akasema, "Wazima, tunashukuru." Mimi nikainamia cherehani.

Niliwaambia wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, nenda kaseme na mwenzio. Shija nilimsimulia neno kwa neno alivyongojwa jioni ile kwa mlango wa uani. Kila mmoja aliniambia, aanze yeye.

Pazi aliugua muda mfupi. Tulimzika mchana, baada ya swala. Nyumba imejaa, sisi wanawake tuko uani, wanaume wanainua jeneza walitoe mlangoni. Ghafla likasimama. Nikanyoosha shingo. Shija alikuwa amelala chini, kizingitini, amenyoosha miguu, hapiti mtu.

Watu wakaanza kuguna kwa furaha. Tulikuwa tunamngoja Mnyamwezi wa kufanya utani, msiba ulikuwa mkavu.

"Haondoki huyu," Shija akasema. "Ana neno langu."

"Unadai nini, mpagazi?" ndugu mmoja wa Pazi akamwuliza, anacheka.

"Siwadai nyinyi. Namdai yeye." Akainua kichwa akalitazama jeneza. "Mtani. Nimekuja kwa mlango wa uani. Utani tumeweka pembeni. Niambie, gari lile ninunue, nisinunue?"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mjane mwenyewe alicheka, amejifunika khanga, mabega yanatikisika. Shija akarudia, sauti imeshuka, "Niambie basi, nakusikiliza."

"Mpeni chochote apishe njia," wakasema. Mtu akamwekea sarafu kiganjani. Shija hakukifunga kiganja. Sarafu ikateleza ikaanguka, wakazidi kucheka, wakamshika makwapa wakamwinua taratibu, jeneza likapita.

Mama mmoja aliyekaa karibu yangu alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. "Jamani, mtani huyu anajua kuigiza," akaniambia.

Nikamwambia, anajua sana.